Birika la Kilifi na Donge la Katani

Agosti iliyopita mpwa wangu, ambaye huendesha lori la masafa marefu huko Marekani, alituma picha katika kikundi cha familia yetu cha WhatsApp. Alikuwa amesimama chini ya kibanda kisicho na kuta, kando ya barabara ya mji mdogo uitwao Cawker City katika jimbo la Kansas, na nyuma yake palikuwa na donge la kamba lililomzidi kimo, rangi yake kahawia kama makuti ya mwaka jana, limebonyea kidogo upande wa chini kwa uzito wake lenyewe. Mama, ambaye siku hizi hutazama picha kwa kuisogeza simu hadi karibu na jicho la kushoto, aliiangalia kwa muda mrefu kisha akaniuliza: "Kamba yote hiyo ni ya kufungia nini, mwanangu?" Nilimweleza kwamba haifungi chochote, kwamba kuna mtu aliyeizungusha tu mpaka ikawa kubwa hivyo, na kwamba watu wanaopita njia ile husimamisha magari yao wakashuka kuitazama. Alifikiri kidogo. "Basi ni kama birika la babako," akasema, akanirudishia simu.

Nimekuwa nikiliwaza neno lake hilo tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Donge lile lilianzwa mwaka 1953 na mkulima mmoja, Frank Stoeber, kwa mabaki ya uzi wa katani uliokuwa ukifungia marobota ya nyasi kavu shambani kwake. Mwaka 1961 akalikabidhi kwa mji. Alifariki mwaka 1974, lakini donge halikuacha kukua, kwa kuwa wenyeji hukutana kila Agosti na kuongeza uzi, na mgeni aliyesimama hapo naye hupewa kipande chake akizungushe kwa mkono wake mwenyewe. Mpwa wangu alikizungusha cha kwake. Niliposoma kwamba ni katani nilishtuka kwa furaha, maana ni nyuzi za mkonge, mmea ule ule ambao sisi wa Malindi tunauona umepangwa mistari kwa mistari pale Vipingo kila tuendapo Mombasa, na ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuufikiria kuwa kitu cha kusimamishia gari. Kaskazini zaidi, katika kijiji cha Darwin, Minnesota, mtu mwingine aitwaye Francis Johnson alianza donge lake mwaka 1950 akaliendeleza peke yake kwa miaka 29. Lilipokuwa zito mno kusukumwa, aliliinua kwa jeki za reli ili aweze kuzungusha uzi sawasawa pande zote lisipoteze umbo la mviringo, na alipomaliza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 7,900. Miji hiyo miwili hushindania sifa ya kuwa na donge kubwa kuliko yote duniani. Kwangu ushindani huo hauna uzito. Kinachonigusa ni zile jeki za reli, kwamba mtu alikuwa na kitu kisicho na kazi yoyote na bado akajali kiwe mviringo.

Sijawahi kukanyaga Marekani. Ninachokijua kuhusu barabara zake nimekipata kwa kusoma na kwa kutazama picha, hasa picha za John Margolies, mtu aliyezunguka nchi ile kwa miongo kadhaa akipiga picha za vibanda vya mafuta, mikahawa na hoteli zenye maumbo ya ajabu kabla havijabomolewa. Zaidi ya picha 11,000 kati ya hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge ya Marekani, na yeyote mwenye simu anaweza kuziona bila malipo. Usiku, watoto wakishalala, mimi huzitazama moja baada ya nyingine: bata mkubwa wa saruji wa Long Island, aliyejengwa mwaka 1931 na mfugaji wa bata ili auzie bata na mayai ndani yake, vyumba vya kulala wageni vyenye umbo la mahema ya Wahindi Wekundu, sanamu za majitu yaliyosimama mbele ya gereji. Na kila mara moyo wangu hurudi Kilifi.

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, safari ya kutoka Malindi kwenda Mombasa ilikatwa vipande viwili na mkono wa bahari. Basi liliteremka hadi karibu na maji, likajipanga nyuma ya malori ya mizigo na magari ya watalii, na abiria wakashuka kungojea feri iwavushe hadi Mnarani. Kungoja huko kuliweza kuchukua nusu saa na kuliweza kuchukua saa tatu, kutegemea wingi wa magari na afya ya injini, na kwa muda wote huo kando ya foleni palikuwa na soko kamili: korosho zilizofungwa katika karatasi za daftari, mabuyu mekundu, madafu, mihogo ya kuchoma iliyopakwa ndimu na pilipili, samaki wa kukaanga juu ya sinia. Wauzaji walikuwa wengi na bidhaa zao zilifanana, kwa hiyo kila mmoja alitafuta namna yake ya kuonekana.

Mmoja wao alikuwa mzee muuza chai, rafiki wa baba. Baba alikuwa fundi bati mwenye karakana ndogo Majengo, hapa Malindi, akitengeneza ndoo, karai, koroboi na masanduku ya safari. Siku moja ya mwaka 1984 mzee yule alikuja karakanani, wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, kisha akasema anataka birika. Baba akamuuliza la vikombe vingapi. "Nataka birika," mzee akajibu, "ambalo dereva akianza tu kuteremka kilima alione, bwana fundi, hata awe amesinzia."

Kazi ile ilichukua wiki tatu, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa na nilikuwapo kila alasiri baada ya chuo cha Kurani. Baba alinunua mapipa matano ya mafuta yaliyokwisha kazi, akayapasua kwa patasi, akayafungua kama mtu afunguavyo mkeka, akayanyoosha kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha reli. Sauti ilibadilika kadiri bati lilivyonyooka: mwanzo ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, na mwishoni ikawa inalia wazi kama upatu. Kisha alizikunja kingo mbili mbili zikaumana, akazipigilia ribiti, na palipobaki upenyo akatia lehemu. Lilipokamilika, birika lilimzidi baba kimo kwa dhiraa nzima. Mkono wake ulikuwa bomba la maji lililopindwa kwa moto. Kirungu cha kifuniko kilikuwa boya la wavuvi. Kwa rangi alilipaka ile ya fedha inayopakwa mapaa, mara mbili, na ndani yake akaacha nafasi ya jiko, kwa maana mzee alitaka kuni ziwake tumboni mwa birika na moshi utokee mdomoni, ili anayetazama kwa mbali aone birika linafuka.

Siku ya kwanza moshi ulikataa kupanda. Ulijaa tumboni ukatokea kwenye kijimlango cha chini, ukamtoa mzee machozi, na abiria waliokuwa wamekaa karibu wakahamia upande wa maji. Baba alirudi Malindi kwa basi la jioni, akatengeneza bomba refu la bati jembamba usiku ule ule, na asubuhi akalipitisha kutoka juu ya jiko hadi mdomoni. Birika likafuka. Tangu siku hiyo makanga wakaacha kutaja feri. Walisema tu, "Birika, birika, anayeshuka Birika," na watoto ndani ya basi wakawa wanashindana nani ataliona kwanza. Mimi nilijua ni kona gani na mwembe upi, na mara nyingi nilinyamaza ili mwingine ashinde.

Hadithi ya mzee yule naikuta tena ninaposoma habari za duka la dawa la Wall, katika jimbo la South Dakota. Ted Hustead na mkewe Dorothy walilinunua mwaka 1931, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, katika mji mkavu wenye watu 326, na wakajipa miaka mitano kuona kama biashara itasimama. Miaka mitano ikakaribia kwisha na wateja bado walikuwa wa kuhesabika. Alasiri moja ya kiangazi cha mwaka 1936, Dorothy alikwenda kupumzika nyumbani akashindwa kulala kwa sababu ya mngurumo wa magari yaliyokuwa yakipita kwenye barabara kuu bila kuingia mjini, na hapo, akiwa amelala macho wazi katika joto lile, akawaza kwamba kitu ambacho watu wale walikuwa wakikitamani kuliko vyote ni maji baridi. Waliandika mabango ya kutangaza maji ya barafu bure. Ted akaenda kuyasimika kando ya barabara, na kabla hajarudi dukani watu walikuwa wameshaanza kuingia. Leo duka lile limepanuka likawa karibu mtaa mzima, lina sanamu yake ya dinosaria ya kupigia picha, mabango yake yameenea mbali sana na South Dakota, na maji bado ni bure.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Nyumba zetu za kale, hapa na zaidi Lamu, zina baraza za mawe nje ya mlango ili mpita njia apate pa kukaa bila kubisha hodi, na mtungi wa sabili uliowekwa kivulini pamoja na kata yake haumuulizi anayekunywa ni mtoto wa nani. Dorothy Hustead alitaraji kwamba mwenye kiu akishakunywa atanunua kitu, na sioni ubaya katika hilo, kwa kuwa mzee wa chai naye hakulisimamisha birika lile kwa sadaka. Alikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini kati ya kumtegea mtu na kumkaribisha mtu kuna umbali mkubwa, na anayesafiri huujua umbali huo mara tu anapoweka mguu chini.

Ninapozungumzia vivutio hivi vya kando ya barabara sivichanganyi na minara ya kumbukumbu. Malindi tunayo nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, na hakuna siku ambayo haipigwi picha. Lakini nguzo ile iliwekwa na wenye merikebu na mizinga ili itangaze kwamba wamefika. Pembe za Mombasa, zile za alumini zinazokatiza barabara ya Moi, nazipenda tangu utotoni na nitaendelea kuzipenda, hata hivyo asili yake ni ziara ya kifalme ya mwaka 1952. Zilizaliwa kumlaki mkubwa. Vitu ninavyoviandika hapa vilizaliwa kumlaki mtu yeyote aliyetokea, awe amevaa viatu au hakuvaa, na vilijengwa na watu ambao hawakuwa na cheo cha kuwawezesha kujenga mnara.

Ndovu Lucy ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. James Lafferty alimjenga mwaka 1881 katika pwani ya New Jersey, mahali ambapo leo panaitwa Margate, kwa mbao zilizofunikwa mabati, kimo chake karibu mita 20, kwa sababu alikuwa na viwanja vya kuuza na hakuna aliyekuwa akija kuviona. Mteja aliingia kwa ngazi iliyofichwa ndani ya mguu wa nyuma, akapanda hadi kwenye kiti kilicho mgongoni, na kutoka huko juu akaonyeshwa mchanga na vichaka ambavyo angeweza kuvigeuza kuwa nyumba. Viwanja vilikwisha kuuzwa zamani, Lafferty mwenyewe amesahaulika na wengi, lakini ndovu alibaki, akazeeka, akavuja, na mwaka 1970, alipokuwa hatarini kubomolewa, wakazi walichanga fedha wakamhamisha mzima mzima hadi kiwanja kingine cha jirani. Mwaka 1976 akatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Nikiwa mwana wa fundi bati, siwezi kutazama picha yake bila kusimama kwenye masikio. Bati hukubali kupinda upande mmoja. Ukilitaka lipinde pande mbili kwa pamoja hukunjamana au hupasuka, na sikio la ndovu limepinda pande zote. Mafundi wale walilikata vipande vidogo vidogo wakaviunganisha mpaka jicho likadanganyika. Baba alifanya vivyo hivyo kwenye bega la birika, vipande kumi na viwili vyenye umbo la kabari, na mpaka leo nikifumba macho naweza kuvihesabu.

Mabango ya Burma-Shave nayataja kwa ufupi, ingawa yanastahili zaidi. Hiyo ilikuwa sabuni ya kunyolea ndevu, na tangu mwaka 1925 hadi 1963 wenye kampuni walisimika kando ya barabara mabango madogo, kwa kawaida sita kwa mfuatano, kila moja likiwa na kipande kimoja cha ubeti, hadi la mwisho lililobeba jina la bidhaa. Ili upate vina vyote ilikubidi uendeshe kwa mwendo wa utulivu na usubiri. Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo kanga husomwa kabla ya kuvaliwa, na ambao hata leo tukiwa nyuma ya lori tunanyoosha shingo tusome lilichoandikwa kwenye ubao wa nyuma, tunaweza kuwaona watoto wale wa Kimarekani katika kiti cha nyuma wakikariri mshororo mmoja na kungoja unaofuata utokeze nyuma ya mti.

Utulivu huo wa mwendo ndio ulioondoka. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao mpya wa barabara kuu wa karibu kilomita 66,000, barabara pana zilizonyooka, zisizopita katikati ya miji, ambazo mtu huingia na kutoka kwa njia maalumu tu. Barabara ya 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 na kuunganisha Chicago na Santa Monica kupitia majimbo manane, ilipitwa kipande baada ya kipande hadi ikaondolewa kabisa katika orodha ya barabara kuu za taifa mwaka 1985. Katika mji wa Seligman, Arizona, kinyozi mmoja aitwaye Angel Delgadillo alikuwapo Septemba 1978 barabara mpya ilipofunguliwa kando ya mji wao, na amekuwa akisimulia jinsi magari yaliyokuwa yakipita mfululizo mbele ya duka lake yalivyokoma siku ile ile. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliunda chama cha kuitetea barabara ya zamani, wakaifanya Arizona iitambue kuwa njia ya kihistoria, na wasafiri wakaanza kurudi, safari hii wakija kwa makusudi.

Nilikuwa na umri wa miaka 16 daraja la Kilifi lilipofunguliwa. Mara ya kwanza basi letu lilipolivuka, abiria walipiga makofi, wanawake wawili wakapiga vigelegele, na maji ambayo tulikuwa tukiyangojea kwa saa nzima yakapita chini yetu kabla sijamaliza kumenya chungwa. Niligeuka kutazama upande wa teremko la zamani. Moshi bado ulikuwa ukitoka mdomoni mwa birika, mwembamba na ulionyooka, na hapakuwa na gari hata moja mbele yake.

Sitaki feri irudi, na naomba hili lieleweke vizuri. Shangazi yangu alijifungulia katika foleni ile, juu ya leso alizokopeshwa na wauza korosho, na wapo wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Mombasa ambao muda wa kungoja uliwazidi nguvu. Daraja lilikuwa neema. Lakini mzee wa chai alikaa mbele ya jiko lake miezi mitatu akisubiri, kisha akalihamishia birika juu, kando ya barabara kuu, ambako magari yalipita kwa kasi kiasi kwamba dereva alipoliona alikuwa ameshalipita. Baba alikwenda kulipaka rangi upya mara mbili bila malipo. Chumvi ya bahari ilianza kulila chini, kwenye ribiti, na mwaka ambao mzee alifariki kifuniko kilikuwa kimeshaanguka.

Kuna jambo jingine ambalo mapenzi yangu kwa barabara za zamani za Marekani hayaniruhusu kulipita. Picha zile ninazozitazama usiku, za familia zilizosimama mbele ya dinosaria na nyangumi, karibu zote ni za Wazungu, na kuna sababu yake. Mwaka 1936, mwaka ule ule wa maji ya barafu ya Wall, Victor Hugo Green, tarishi wa posta aliyeishi Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichowaonyesha wasafiri weusi ni hoteli ipi, mkahawa upi na kituo kipi cha mafuta kingewapokea. Kiliendelea kutoka hadi miaka ya 1960, kwa kuwa kilihitajika muda wote huo. Mpwa wangu ana dereva mwenzake, Mmarekani mweusi wa makamo, ambaye babu yake alikuwa akipakia chakula cha safari nzima ndani ya gari na kuendesha usiku kucha bila kusimama, na mzee huyo hadi mwisho wa maisha yake hakuona maana ya kusimama kando ya barabara kutazama kitu. Namwelewa. Mtu hupakumbuka kwa hamu mahali alipoitwa aingie, na mabango mengi yaliyosema "Karibu" hayakumwita yeye. Kwa hiyo mpwa wangu, kijana mweusi wa Malindi, aliposhuka kwenye lori lake katika kijiji cha Kansas akapewa ncha ya uzi na mwenyeji asiyemjua, nililiona kuwa jambo kubwa kuliko picha yenyewe.

Nyangumi niliyemtaja yuko Catoosa, Oklahoma, kando ya ile barabara ya 66. Hugh Davis alimjenga mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyangumi wa saruji wa rangi ya buluu, urefu wake kama mita 24, kinywa wazi, akiwa zawadi ya kumbukumbu ya ndoa kwa mkewe Zelta, ambaye alikuwa akikusanya vinyago vidogo vya nyangumi. Oklahoma iko mbali na bahari yoyote. Nyangumi aliwekwa kwenye dimbwi la nyumbani kwao, na watu waliokuwa wakipita wakaanza kuomba ruhusa ya kuogelea, wakaruhusiwa. Dimbwi lilifungwa mwaka 1988, rangi ikapauka, na baadaye ni wenyeji waliojitolea kumsafisha na kumpaka upya. Nimemwonyesha Mama picha yake. Aliuliza kama mke alifurahi.

Mwezi uliopita nilimpeleka Mombasa kwa daktari wa macho, na tulipofika Kilifi nilimwomba mwenye gari apinde kuelekea kwenye njia ya zamani ya feri. Njia bado ipo, inateremka kati ya kuta na miti hadi majini, na siku ile palikuwa na vijana wawili tu waliokuwa wakisafisha wavu. Sikulijua tena mahali lilipokuwa birika, kwa sababu mwembe wangu umekatwa. Mama alishuka taratibu akiegemea mkono wangu, akatazama kilima, akatazama maji, akapiga hatua kama ishirini, akasimama. Chini ya mguu wake, ndani ya mchanga, kulikuwa na duara la saruji lenye vyuma vinne vilivyoliwa na kutu, na kati yake udongo ulikuwa bado mweusi.

Nilipiga picha ya duara lile nikaituma katika kikundi. Haikupita dakika kumi mpwa wangu akajibu kutoka maegesho ya malori huko Nebraska: "Hapo pana nini, mjomba?" Nilianza kuandika, lakini Mama alinyoosha mkono akataka simu. Aliishika karibu na mdomo, akanifanya nimbonyezee alama ya sauti, akaanza kwa sauti ya mtu ambaye hana haraka ya kwenda kwa daktari yeyote: "Mjukuu wangu, siku hiyo babu yako alirudi na basi la mwisho, nguo zake zote zanuka moshi, hata chakula hakutaka. Akaniambia, nishikie taa, mke wangu, nikate bati jingine..."